Kupima shibe ya mafuta kwa kalamu

Ukinunua mawese jioni katika soko kuu la Kisangani na kuyaacha kwenye chupa isiyo na rangi usiku kucha, hasa usiku wa mvua, asubuhi utayakuta yamejigawa. Chini kuna uzito wa rangi ya chungwa, kama uji uliolala; juu yamebaki mafuta mekundu yanayopitisha mwanga. Jirani yangu wa Mangobo aliliona jambo hilo kwenye bido nzima ya lita 20 akaamini amepunjwa, kwamba kuna kitu kimetiwa ndani. Nilimsihi aiweke bido juani kabla hajaenda kugombana na mtu. Adhuhuri ilipofika, mafuta yalikuwa kitu kimoja tena, mekundu toka juu hadi chini.

Muuzaji yule hakuwa na kosa. Mawese yana asidi kuu mbili za mafuta, na karibu kila mwanafunzi wa biolojia na kemia katika mji huu ameziandika kwenye daftari: C₁₆H₃₂O₂ na C₁₈H₃₄O₂. Ya kwanza ni asidi ya palmitiki, iliyopewa jina hilo kwa sababu Mfaransa Edmond Frémy aliipata mwaka 1840 kwenye sabuni ya mafuta ya mchikichi. Ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 63. Ya pili ni asidi ya oleiki, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 13 au 14 tu, joto ambalo Kisangani hatulifikii hata alfajiri. Hiyo ndiyo sehemu inayobaki juu ya chupa ikiwa kimiminiko. Moja imeshiba hidrojeni, nyingine haijashiba, na tofauti hiyo inasomeka ndani ya fomula zenyewe kwa mtu anayejua pa kutazama.

Nimefundisha jambo hili kwa miaka, na nimeona wanafunzi hodari wakilipoteza kwenye Mtihani wa Serikali, Exetat, kwa sababu moja: walikariri majina badala ya kuhesabu. Wanajua kwamba palmitiki imeshiba kwa kuwa waliambiwa. Swali likileta fomula bila jina, wanabaki wameduwaa. Nawaandikia hao, na wadogo zangu wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na mzazi yeyote anayekaa na mtoto chini ya taa usiku. Swali huja kwa Kifaransa. Hesabu yake unaweza kuifanya kwa lugha yoyote unayoiwazia.

Tuanze na mikono. Kaboni ina mikono minne, hidrojeni mmoja, oksijeni miwili. Asidi ya mafuta ni mlolongo wa kaboni zilizoshikana. Mwisho mmoja kuna CH₃: kaboni yenye jirani mmoja, na mikono mitatu iliyobaki imeshika hidrojeni tatu. Mwisho wa pili kuna COOH, yaani kichwa cha asidi, chenye hidrojeni moja tu. Katikati kuna kaboni zenye majirani wawili, kila moja ikibaki na mikono miwili kwa hidrojeni mbili: CH₂, CH₂, CH₂, mpaka ufike.

Sasa hesabu kwa palmitiki. Kaboni ni 16. Toa moja ya CH₃ na moja ya COOH, zinabaki 14 za katikati. Hidrojeni ni 3 za mwanzo, 28 za katikati, 1 ya kichwa. Jumla 32. Mbili mara kumi na sita ni 32. Jaribu tena kwa kaboni 12, asidi ya lauriki iliyojaa kwenye mafuta ya kokwa za mchikichi: 3, na 20, na 1, jumla 24, ambayo ni mbili mara kumi na mbili. Itakuwa hivyo daima. Ile tatu ya mwanzo imezidi mbili kwa moja, ile moja ya kichwa imepungua mbili kwa moja, zinafidiana. Asidi ya mafuta iliyoshiba ina hidrojeni mara mbili ya kaboni zake, sawasawa, bila kuzidi wala kupungua.

Naomba usikimbie sentensi hiyo. Ukiielewa kwa kuhesabu mwenyewe mara mbili tatu kwenye karatasi, hutahitaji kuikariri, na hata woga wa mtihani hautaweza kuifuta kichwani.

Asidi isiyoshiba ni ile ambayo mahali fulani kaboni mbili jirani zimeachilia hidrojeni moja moja, kisha zikashikana kwa mkono wa pili. Mshiko huo wa mikono miwili nitauita kifungo pacha. Kwa kila kifungo pacha hidrojeni mbili zimeondoka. Basi hesabu inajileta yenyewe: zidisha kaboni kwa mbili, toa hidrojeni zilizopo, gawa kwa mbili. Oleiki, C₁₈H₃₄O₂: mbili mara 18 ni 36, 36 toa 34 ni 2, nusu yake 1. Ina kifungo pacha kimoja. Asidi ya steariki, C₁₈H₃₆O₂: 36 toa 36, sifuri. Imeshiba. Linoleniki, C₁₈H₃₀O₂: zimekosekana 6, vifungo pacha vitatu.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha, na hapo ndipo mitego inapoanza.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni wa hidrojeni 32. Andika fomula hizi nne kwa mstari mmoja: C₁₆H₃₂O₂, C₁₈H₃₂O₂, C₂₀H₃₂O₂, C₂₂H₃₂O₂. Zote zina hidrojeni 32 na oksijeni mbili. Mwanafunzi anayetazama hidrojeni peke yake ataona vitu vinne vinavyofanana, au atasema ya mwisho ndiyo nono zaidi kwa kuwa ina kaboni nyingi. Hesabu. Ya kwanza ni palmitiki, imeshiba kabisa. Ya pili ni linoleiki, ya mafuta ya karanga na soya, ina vifungo pacha viwili. Ya tatu ni arakidoniki, inayopatikana kwenye nyama na mayai, ina vinne. Ya nne ni ile ya mafuta ya samaki, ambayo pia imo kwa wingi kwenye ubongo wa binadamu. Vitabu huiita DHA. Ina vifungo sita, na hubaki kimiminiko hata kwenye baridi kali. Hidrojeni ni zilezile 32. Kilichobadilika ni idadi ya kaboni zinazozigawana. Sahani moja ya lituma inayowatosha watu wawili haiwatoshi watu wanne, ingawa ndizi zilizopondwa ni zilezile. Usiseme neno juu ya hidrojeni kabla hujatazama kaboni.

Mtego wa pili unatoka darasani kwetu sisi walimu. Kabla ya mafuta, mwanafunzi amefundishwa hidrokaboni, na huko ameambiwa kwamba iliyoshiba ina hidrojeni mara mbili ya kaboni, jumlisha mbili. Msichana mmoja aliniletea daftari lake akitetemeka kwa hasira: kwa kanuni ile, palmitiki ilikuwa imempa upungufu wa hidrojeni mbili, yaani kifungo pacha kimoja, na kitabu kinasema haina. Nilimwambia hakukosea kuhesabu. Alikuwa amekipata kifungo pacha cha kweli kabisa, ila kiko kwenye kichwa cha asidi, kati ya kaboni na oksijeni. Kanuni ya hidrokaboni haichagui. Inahesabu kila kifungo pacha popote kilipo. Tunaposema asidi imeshiba tunazungumzia mkia wake wa kaboni, si kichwa. Basi ukitumia kanuni ile kubwa, mwishoni toa kimoja kwa ajili ya kichwa, na utafika palepale. Mimi nashauri ushike kanuni moja uielewe mpaka mwisho. Anayeshika mbili nusunusu huzichanganya siku ya mtihani.

Kwa sababu hiyohiyo nina shauri kwa swali linaloandikwa kwa namna nyingine: C₁₅H₃₁COOH, C₁₇H₃₃COOH, C₁₇H₃₁COOH. Vitabu vingi huandika hivi ili kichwa cha asidi kionekane. Wengine hufundisha kanuni ya pekee kwa mkia huu. Huihitaji. Rudisha kaboni moja na hidrojeni moja ya kichwa mahali pake: C₁₇H₃₃COOH ni C₁₈H₃₄O₂, basi ni oleiki yetu ya mawese. Sekunde tano zimetosha. Anayesahau kurudisha atachukua 17, azidishe kwa mbili apate 34, atoe 33, abaki na 1, kisha ashindwe kuigawa kwa mbili. Nusu ya kifungo pacha haipo duniani. Ukipata nusu, jua fomula umeinakili vibaya au kuna kitu hukukirudisha. Katika asidi ya mafuta yenye kaboni, hidrojeni na oksijeni tu, idadi ya hidrojeni haiwi witiri kamwe, kwa hiyo itazame hiyo kwanza kabla ya kuhesabu chochote.

Ila kuna mahali ambapo witiri ni halali, nako ni kwenye sabuni. Wanaopika sabuni nyumbani hapa mjini kwa mawese na soda kostiki wanafanya kazi ambayo kemia inaiandika hivi: C₁₆H₃₁NaO₂. Hidrojeni ya kichwa imeondoka, sodiamu imekaa kwenye kiti chake. Ihesabu sodiamu kana kwamba ni hidrojeni: 31 na 1 ni 32, sabuni ya asidi iliyoshiba. Kwa C₁₈H₃₃NaO₂ utapata 34, na 36 toa 34 ni 2: kifungo pacha kimoja, sabuni ya oleiki. Sabuni ya mawese ina zote mbili. Ile ya palmitiki ndiyo inayokipa kipande ugumu wake; ya oleiki peke yake ingekuwa laini mno.

Oksijeni nayo huwatisha watu bure. Mafuta ya mbarika, yale mazito ambayo wazee walitupa kijiko kimoja tukakimbia, yana asidi ya risinoleiki, C₁₈H₃₄O₃. Oksijeni ya tatu hiyo inatoka wapi, na inabadilisha nini kwenye hesabu? Oksijeni ina mikono miwili. Ikijipenyeza kati ya kaboni na hidrojeni yake, mkono mmoja unashika huku na mwingine kule, na hakuna hidrojeni iliyofukuzwa. Basi hesabu ni ileile: 36 toa 34, kifungo pacha kimoja.

Mafuta yaliyomo kwenye bido si asidi huru. Hapa naomba subira kidogo, kwa kuwa vitabu vingi hupita haraka na mwanafunzi anabaki na pengo. Asidi tatu zimefungwa pamoja kwenye gliseroli moja, kama samaki watatu kwenye kamba moja. Chukua molekuli ya kawaida sana kwenye mawese: palmitiki mbili na oleiki moja. Gliseroli ni C₃H₈O₃. Kila asidi inapofungwa, molekuli moja ya maji hutoka. Jumlisha kaboni: 16, 16, 18 na 3, jumla 53. Hidrojeni: 32, 32, 34 na 8, jumla 106, toa 6 za maji matatu, zinabaki 100. Oksijeni: 2, 2, 2 na 3, toa 3, zinabaki 6. Fomula ni C₅₃H₁₀₀O₆.

Sasa geuza swali. Umepewa C₅₃H₁₀₀O₆ bila maelezo, na umeambiwa ni mafuta ya namna hii. Je, ina vifungo pacha vingapi kwenye mikia? Hapa ndipo kanuni kubwa ya hidrokaboni inapokufaa, ile iliyomkasirisha msichana wetu. Mbili mara 53 ni 106, jumlisha 2 ni 108. Toa 100, zimekosekana 8, yaani vifungo pacha vinne. Lakini vichwa ni vitatu, kila kimoja na kifungo chake cha oksijeni. Nne toa tatu ni moja. Ndiyo ile oleiki moja tuliyoifunga. Kwa C₅₁H₉₈O₆ utapata tatu toa tatu, sifuri: kwa mfano palmitiki tatu. Kwa C₅₇H₁₀₄O₆ utapata sita toa tatu: oleiki tatu, au mchanganyiko mwingine wenye jumla ya vifungo vitatu, maana fomula haisemi ni kipi kimekaa kwenye mkia upi.

Anayekuambia kwamba hesabu hii ni ya karatasi tu, mpeleke kwenye namba ya iodini. Kiwanda au maabara inayopima mafuta huuliza: gramu 100 za mafuta haya zinameza gramu ngapi za iodini? Kila kifungo pacha cha mkia kinameza molekuli moja ya iodini, ambayo uzito wake ni 254. Oleiki ina uzito wa 282 na kifungo kimoja: 254 gawa kwa 282, mara 100, ni 90. Linoleiki ina uzito wa 280 na vifungo viwili: inafika 181. Palmitiki na steariki hazimezi kitu. Katika mawese, kama asilimia 44 ni palmitiki, karibu 40 ni oleiki, karibu 10 ni linoleiki, na nyingi ya zilizobaki ni steariki. Sehemu 40 za oleiki zinaleta 36. Sehemu 10 za linoleiki zinaleta 18. Jumla 54. Mawese halisi yakipimwa hutoa kati ya 50 na 55. Kwa kuwa asidi zimefungwa kwenye gliseroli inayoongeza uzito, hesabu yetu inashuka kidogo na kukaa katikati kabisa ya nafasi hiyo. Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii mwenyewe nilikaa nikaitazama muda mrefu. Nilikuwa nimeanza na herufi na tarakimu, nikafika kwenye chupa iliyo jikoni.

Fanya vivyo hivyo kwa karanga, ambazo nusu ya mafuta yake ni oleiki na kama asilimia 30 ni linoleiki: 45 na 54, jumla 99. Ndiyo maana mafuta ya karanga hayagandi Kisangani. Kisha fanya kwa mafuta ya kokwa za mchikichi, yaani mbegu iliyo ndani ya gamba gumu la mbila, tunda la mchikichi. Humo oleiki ni kama asilimia 15 na linoleiki ni 2 au 3. Utapata 18 hivi, na vipimo vya kweli hukaa kati ya 14 na 21. Tunda moja lina mafuta mawili tofauti kabisa: nyama ya nje imeshiba nusu, kokwa imeshiba karibu yote.

Ningependa kila mwanafunzi wa mkoa wetu wa Tshopo ajue kwamba tunda hilo lilisomwa hapa kwetu. Ni huko Yangambi, kama kilomita 100 kwa kuteremka mto, ambako watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba mchikichi wa gamba nene ukichavushwa na ule usio na gamba huzaa ule wa gamba jembamba, wenye nyama nyingi. Mashamba ya michikichi ya dunia nzima yalibadilika baada ya hapo. Gamba likipungua, nyama inaongezeka, na mawese yanaongezeka nayo.

Jihadhari na kosa moja linaloingia hapa kimyakimya: kudhani kwamba shibe peke yake ndiyo inayoamua ugumu. Mafuta ya kokwa yameshiba kuliko mawese, lakini huyeyuka mapema zaidi. Sababu yake ni urefu wa mkia. Lauriki ina kaboni 12 na huyeyuka kwenye nyuzi 44. Palmitiki ina 16 na hungoja mpaka 63. Zote zimeshiba. Fomula inakupa mambo mawili, urefu na upungufu, na swali linalouliza ni ipi itaganda kwanza linakutaka uyatazame yote mawili.

Kuna mambo ambayo fomula haiwezi kukuambia, na mwanafunzi anayeyajua huaminika zaidi kuliko anayejifanya fomula inasema yote. Haikuambii kifungo pacha kiko kaboni ya ngapi. C₁₈H₃₀O₂ inaweza kuwa linoleniki ya omega 3 au ndugu yake wa omega 6; idadi ni ileile, mahali ni tofauti, na mwili unazitumia kwa njia tofauti. Haikuambii pia mkia umepinda au umenyooka. Asidi ya elaidiki ni C₁₈H₃₄O₂, sawa na oleiki atomu kwa atomu, lakini kifungo chake kimeuacha mkia ukiwa umenyooka, na huyeyuka kwenye nyuzi 44 hivi badala ya 13. Hiyo ndiyo inayotokea mafuta ya mimea yanapotiwa hidrojeni nusunusu kiwandani ili yagande, na ndiyo ambayo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziiondoe kwenye vyakula vya viwandani. Ukiona kwenye pakiti neno la Kifaransa linaloonyesha kwamba mafuta yametiwa hidrojeni kwa sehemu, usitafute jibu kwenye fomula. Fomula ya kilicho salama na ya kinachodhuru moyo ni moja.

Jambo la mwisho ambalo fomula huficha ni duara, nalo lina historia karibu na mlango wetu. Hesabu yetu yote ilisimama juu ya dhana kwamba mkia wa kaboni ni mstari mmoja wenye mwanzo na mwisho. Mkia ukijikunja na kaboni mbili zikashikana kufunga duara, kila moja hupoteza hidrojeni moja, kama kwenye kifungo pacha. Kalamu haiwezi kuona tofauti. Kwa hiyo ninapofundisha nataka mwanafunzi aandike kwanza "jozi za hidrojeni zilizokosekana ni mbili", kisha, akishajua kwamba ni asidi ya kawaida isiyo na duara, ndipo aandike "vifungo pacha ni viwili". Mstari huo mmoja zaidi haumchoshi mtu.

Mfano wangu ni asidi ya chaulmugriki. Inatoka kwenye mbegu za mti wa Asia, na pia kwenye mbegu za miti ya jamii ya Caloncoba inayoota katika misitu ya Afrika ya Kati. Kwa miongo mingi mafuta hayo yalikuwa ndiyo dawa ya ukoma. Wagonjwa walichomwa sindano zake, zenye maumivu makali, kwa matumaini tu. Huko Yakusu, kando ya mto chini kidogo ya Kisangani, daktari wa misheni Stanley Browne alifanya kazi tangu 1936 hadi 1959, akaanzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma huko Yalisombo, na akawa miongoni mwa waliojaribu dapsone, dawa iliyoyastaafisha mafuta yale. Dawa ile ya kale ilikuwa asidi ya mafuta, na fomula yake ni C₁₈H₃₂O₂.

Umeiona mahali. Ni fomula ya linoleiki ya karanga, herufi kwa herufi. Hesabu inatoa jozi mbili zilizokosekana kwa zote. Lakini linoleiki ina vifungo pacha viwili kwenye mkia mrefu, na chaulmugriki ina kifungo pacha kimoja na duara moja la kaboni tano mwishoni.

Ukiulizwa utazitofautishaje, usirudi kwenye fomula. Nenda kwenye maabara na uzipe zote mbili hidrojeni, pamoja na nikeli ya kuharakisha kazi. Linoleiki itapokea molekuli mbili na kuwa steariki, C₁₈H₃₆O₂, imeshiba. Chaulmugriki itapokea moja, itafika C₁₈H₃₄O₂, na hapo itasimama, kwa sababu duara halifunguki kwa hidrojeni kwa urahisi kama kifungo pacha.